Nilisema ni Kifua

Tangu nirudi kazini, kila anayesimama karibu nami kwenye meza ya kupanga maua ananiuliza swali lile lile: "Nekesa, kwani Nakuru ulienda kufanya nini?" Nimejibu vipande vipande, huyu nikampa hiki na yule kile, na sasa nasikia vipande hivyo vimeota miguu. Juzi mtu wa chumba cha baridi aliniuliza kama ni kweli shangazi yangu alitaka kunila. Basi nimeandika yote kwa mpangilio, kama ninavyoandika urefu wa mashina kwenye kitabu cha zamu. Soma, kisha umpe mwenzako. Mambo ya fomu na bima nimeyaruka, hayo mnayajua kuliko mimi.

Na kuhusu shangazi: ndiyo, kuna ukweli kidogo.

Kamere, maji barabarani

Uvimbe niliuona nikioga. Ulikuwa kama harage, upande wa kushoto, hauumi. Baada ya miezi mitatu ulikuwa kama yai la bata. Mimi kazi yangu ni kupima vitu, kwa hiyo sikuweza kujidanganya kwamba haujakua.

Daktari wa kliniki ya hapa Kamere aliuminya, akasema unaonekana ule wa kawaida unaowapata wasichana. Nikacheka, nina miaka thelathini na saba. Jumatatu asubuhi alinidunga sindano ya ganzi, akaukata, akanishona, na kabla ya saa nne nilikuwa nimekaa kitandani nikiutazama. Ulikuwa mweupe wenye uwekundu kidogo, laini kwa nje, mviringo. Niliutazama kama mtu anavyotazama jino lake lililong'olewa.

Aliutia kwenye mkebe wa plastiki, akaumiminia maji yaliyonichoma macho kutoka pale nilipokaa.

"Hii ni fomalini," akasema. "Usifungue, usimwage. Haya maji ndiyo yanashika nyama isioze mpaka watu wa maabara Nakuru waione. Ni wewe utaipeleka, sisi hatuna gari."

"Si umesema ni ya kawaida?"

"Nimesema inaonekana. Kitu kinachokua haraka hivi lazima kikaguliwe. Ikiwa ni kibaya, hapo nilipokata hapatoshi, na tukichelewa kitarudi."

Akaandika jina langu kwenye kipande cha plasta, akakibandika.

Sikumwambia mtu. Msimamizi wetu nilimwambia nina kifua, naenda kupigwa picha. Neno hilo sikulitunga mimi. Mama yangu aliugua titi nikiwa darasa la sita, na kwetu hakuna aliyetamka titi. Walisema kifua. Kwenye mazishi mchungaji alisema kifua. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa na muuguzi aliyemtunza kwamba kilichomuua kilianzia kwenye titi. Kwa hiyo ilipofika zamu yangu, neno lilikuwa tayari mdomoni.

Mchana ule nilifika kwenye barabara ya kwenda Naivasha nikakuta ziwa limeipita. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Watu walikuwa wamekunja suruali, na pikipiki zilikuwa zikisukumwa. Nikawaza nikianguka na mkebe ule ndani ya maji, nitaupapasa wapi? Nikarudi nyumbani. Usiku ule tulilala chumba kimoja, mimi kitandani na mkebe chini yake, na nilijilaumu sana kwa siku niliyopoteza. Kumbukeni siku hiyo, nitairudia.

Olkaria hadi Kikopey

Jumanne nilipata nafasi kwenye pikapu ndefu iliyokuwa ikipeleka chupa za maji ya visima vya mvuke kupimwa Nakuru. Dereva aliitwa Kiprono, mtu mnene mwenye kofia ya sufu juani.

"Sasa mathe. Panda, lakini usikanyage chupa zangu."

"Mathe ni nyanya yako," nikamwambia, maana ukimtazama vizuri alinizidi miaka.

Alicheka mpaka akazima gari.

Chupa zake zilikuwa kwenye kreti, kila moja imeandikwa namba ya kisima, tarehe na saa. Nilizipenda. Yeye naye aliutazama mkebe wangu uliokuwa ndani ya kiondo miguuni. Plasta ilikuwa imeloa, imebanduka na kupotea.

"Yako haina jina? Chupa bila jina ni maji tu. Ukifika maabara wanakurudisha." Akanipa kalamu yake nene, ile ambayo wino wake haufutiki.

Niliandika N.W., herufi za kwanza za majina yangu.

"Hiyo ndiyo nini, kaskazini magharibi, njia ya kwenda Turkana?"

"Ni udongo wa shamba," nikasema. "Wanapima chumvi."

Alinitazama, akautazama mkebe, akawasha gari. Mtu anayebeba sampuli kila wiki anajua udongo haufanani vile. Kalamu hakuiomba tena.

Tulivuka maji polepole, Naivasha tukaipita vizuri, Gilgil tukaipita. Kisha malori yalisimama mbele yetu mpaka macho yalipoishia. Lori la viazi lilikuwa limelala barabarani. Tulisogea kidogo kidogo hadi Kikopey, na hapo tukakaa saa nne nzima.

Wanaoijua Kikopey wanajua kwamba pale hata ukifunga madirisha moshi wa mbuzi unakuingia. Kila kibanda kina mtu wa kukupungia kisu. Kiprono aliagiza mbavu na ugali, zikaletwa kwenye ubao na kachumbari. Mimi sikuweza. Kila kipande kilichokatwa pale mezani nilikiona kimetoka kwangu.

"Mluhya anakataa nyama?" Kiprono akamwambia mchomaji. "Boss, andika hii siku. Leo mvua itanyesha vifaranga."

"Tumbo si zuri."

"Basi bebea wenyeji. Hauwezi kwenda kwa watu mikono mitupu." Akafunga mbavu zilizobaki kwenye karatasi, akaziingiza mwenyewe kwenye kiondo changu, juu ya mkebe. Nilikuwa pia nimenunua mkate na sukari. Vyote vikakaa pamoja.

Ilikuwa wazi kwamba nikifika, maabara itakuwa imefungwa. Nikampigia Senge Rasoa, dada ya baba yangu, anayekaa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, tangu mumewe alipokuwa akifanya kazi ya reli.

"Senge, nakuja kulala kwako. Kesho nina hospitali."

"Hospitali ya nini, mama?"

"Kifua."

"Wewe pia? Sawa. Njoo. Nitakutengenezea kitu."

Kaptembwo

Nilifika jua likiwa bado juu ya mabati. Mnajua mgeni anavyopokelewa kwetu Waluhya wa magharibi: kabla ya salamu kwisha, mwenyeji ameshachukua mfuko mkononi mwako na kuupeleka jikoni. Huulizwi una nini ndani, na wewe husemi nimeleta hiki na hiki, hayo ni majivuno. Senge alinishika mkono, akanikalisha, akaondoka na kiondo. Nilikuwa nimemeza dawa ya maumivu Kikopey bila kula. Nilisema nitasimama nikachukue mkebe wangu. Nakumbuka nikiwaza hivyo. Kisha nikalala palepale kitini.

Kilichoniamsha ni kitunguu kikikaangwa.

Jikoni kwa senge kunatenganishwa na sebule kwa pazia. Nililifungua. Sufuria ilikuwa motoni. Juu ya meza kulikuwa na bakuli la maji ya chumvi na ndimu iliyokamuliwa, ubao, kisu, na mkebe wangu ukiwa mtupu, umeoshwa, umeinamishwa ukauke. Kwenye ubao kulikuwa na nusu mbili za kitu ninachokijua.

"Umeamka?" senge akasema bila kugeuka. "Aki hao wauza nyama wamekuuzia uchafu. Hiyo moja ya kuchomwa iko sawa, lakini hii mbichi wametia dawa! Nimefungua ikanitoa machozi kama nimefiwa. Sikutaka kukuaibisha, mgeni haambiwi nyama yake ni mbaya. Nimemwaga yale maji, nimeosha na ndimu, nikasema angalau itoe supu. Mtu wa kifua anataka supu." Akachukua nusu moja na kuigeuza kwenye mwanga. "Lakini sasa hata sielewi ni nyama gani. Nimekata katikati, ona. Ndani iko na mikunjo mikunjo kama kabeji. Hii ni sehemu gani ya mbuzi?"

Senge akainua kisu tena, na hapo nikaushika mkono wake, kwa nguvu, mimi ambaye sijawahi hata kumkatiza akiongea.

"Senge, hiyo si ya kupika. Hiyo ni yangu."

"Najua ni yako, si ndiyo umeleta—"

"Ni yangu. Imetoka hapa." Nikafungua vifungo nikamwonyesha bandeji. "Si kifua. Ni titi, senge. Nina uvimbe wa titi. Huo ndio uvimbe."

Kisu kilianguka. Kitunguu kiliungua mpaka moshi ukajaa, na senge ndiye aliyekumbuka kuzima moto. Kisha akakaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto, akainusa mikono yake, akaanza kulia bila sauti. Nilidhani analilia alichofanya.

"Mama yako," akasema. "Mama yako pia walisema kifua. Nilimpikia supu miezi minne, Nekesa. Ya mifupa, ya kuku, ya samaki. Nilikuwa namsugua mgongo na mafuta. Alikuwa anashika nguo hapa mbele hivi, hataki nifungue. Nikasema ni baridi."

Mimi niliyeficha, yeye aliyefichwa, na kati yetu kitu kimekatwa nusu mbili kwenye ubao wa kukatia sukuma wiki. Naandika haya miezi miwili baadaye na bado mwili unanisisimka.

Nilimpigia daktari wa Kamere. Nilimweleza.

"Amekata mara ngapi?"

"Mara moja."

"Imepikwa?"

"La."

"Ioshe chumvi yote itoke. Ifunge na kitambaa safi kilicholowa, irudishe kwenye mkebe, iwe baridi lakini isigande. Maabara wakifungua, uwe mlangoni."

Senge hana friji. Aliufunga mkebe kwa leso yake ya kanisani na kuupeleka kwa jirani anayeuza maziwa. Nilimsikia kupitia ukutani.

"Mama Rasoa, hiyo ni nini unaweka na maziwa ya watu?"

"Ni ya mgonjwa. Na ukifungua, mimi na wewe tutaonana kwa chifu."

Mlango wa maabara

Asubuhi tulitembea. Boda boda mmoja alitufuata akituita, senge akamwambia hatupandi kitu kinachoruka ruka. Alikuwa ameshika mkebe kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka.

Aliyetupokea maabara ni mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwenye uzi. Alifungua leso, akafungua mkebe, akanusa.

"Hii ina harufu ya ndimu."

Nilimtazama senge.

"Na nani aliikata?"

Senge aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Na kisu gani?"

"Cha sukuma."

Yule mama alivaa miwani akamtazama senge kwa muda mrefu. Naapa niliona mdomo wake ukitetemeka kwa kuzuia kicheko, kisha ukaacha kutetemeka alipozitazama zile nusu mbili. Akauliza ilitolewa lini, saa ngapi. Nikamwambia: Jumatatu, kabla ya saa nne. Akauliza ilikaa kwenye fomalini mpaka lini. Jumanne jioni, saa kumi na mbili na kitu.

"Siku na zaidi," akasema. "Ungetoka kliniki ukaja moja kwa moja kwa mpishi wako hapa, hii ingekuwa imeharibika. Lakini nje imeshashika. Ndani tutaona." Ile siku niliyojilaumu kwa kurudi nyumbani ndiyo iliyookoa kitu.

Kisha akaeleza jambo lililomtoa senge rangi. Wao pia hukata, akasema, ila kabla ya kukata hupaka wino kuzunguka uvimbe wote, ili wakitazama kwa darubini wajue ukingo ni upi na kama ugonjwa umeufikia. "Hii imekatwa bila wino, ikasuguliwa na chumvi. Naweza kukuambia ni nini. Kama ilitoka yote, sitaweza."

Senge alinishika kiwiko na hakukiachia mpaka tulipofika nyumbani.

Kungoja, na jina

Tulikaa wiki mbili. Sikurudi Kamere kwa sababu kidonda kilinivuta, na kwa sababu senge alikataa. Alinipikia mboga za majani, maharage, mayai. Nyama haikuingia nyumba ile, na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Majibu yalipotoka tulipelekwa kwa daktari wa upasuaji, kijana mpole mwenye tai fupi. Aliyasoma, akatuchorea.

"Si ule wa kawaida wa wasichana, na si saratani ya titi ambayo mmezoea kuisikia. Huu ni uvimbe adimu. Mimi mwenyewe naweza kumaliza mwaka sijaona. Ndani yake nyama hujikunja kama majani, na jina lake la kitabuni linatokana na jani."

"Kama kabeji," senge akasema.

Daktari akamgeukia. "Nani amekuambia?"

"Niliona."

Nikamweleza kwa ufupi aliona vipi. Aliweka kalamu chini, akafunika uso kwa mkono, na mabega yakacheka peke yake. Alipofunua uso akawa mtu wa kazi tena. Uvimbe wa aina hii, akasema, una madaraja matatu: mpole, wa katikati na mkali. Wangu ni wa katikati. Dawa zile za kunyonyoa nywele hazihitajiki. Dawa yake ni kisu: kukata kwa upana mpaka nyama safi izunguke pande zote. Ukiacha uzi mmoja unarudi, na ukirudi unaweza kurudi ukiwa mkali zaidi.

Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Sisi sote pale shambani tukikuta shina lina ugonjwa hatukati pale penye doa, tunashuka chini mpaka kwenye kijani.

Senge alikuwa ameinamisha kichwa. "Daktari, kama mimi sikuharibu, angekatwa tena?"

"Mama, angekatwa tena. Kule mwanzo ulikamuliwa tu kama harage kwenye ganda lake, kwa sababu walidhani ni wa kawaida. Hata ungefika hapa mzima, ningesema yale yale."

"Unasema hivyo kunifariji?"

"Nimeandika hapa. Mpe anayesoma akusomee."

Mimi nilikuwa na swali moja, nililolibeba tangu darasa la sita. Nikauliza kama ni huu uliomuua mama. Akaniuliza mama alipimwa wapi. Nikasema hakupimwa popote, alikuwa na kifua. Akatikisa kichwa. Huu kwa kawaida haurithiwi, akasema, lakini cha mama hakuna atakayekijua sasa, maana hakuna aliyekiangalia.

Mkebe wa pili

Nilikatwa tena wiki iliyofuata, safari hii nikiwa nimelala fofofo. Karibu robo ya titi imeondoka. Mnaotazama pembeni ninapobadilisha koti la kazi, tazameni tu, mnisaidie kuzoea.

Nilipoamka senge hakuwepo. Muuguzi akaniambia amegombana na watu. Wodi ilitaka kutuma mkebe na mjumbe wao, naye akasema mkebe wa mtoto wa ndugu yake hausafiri bila yeye. Mwishowe walimruhusu aandamane na mjumbe. Alikuwa ameniomba ile kalamu ya Kiprono tangu asubuhi, nikadhani anataka kuandika namba ya simu.

Siku ya majibu tulirudi kwa yule mama wa miwani. Alitufungulia mlango mwenyewe.

"Wino ulipakwa," akasema kabla hatujakaa. "Nimetazama pande zote, hata chini. Ukingo ni safi."

Senge alimwambia arudie, kwa sababu alitaka kusikia neno safi mara mbili. Akarudia. Utapimwa kila baada ya miezi sita, akaniambia, usije ukasema umepona ukapotea. Kisha akavuta droo.

"Mkebe wenyewe lazima ubaki hapa. Lakini karatasi mliyobandika juu ya yetu nimeitoa. Wenzangu walitaka kuitundika ukutani, nikasema ina mwenyewe."

Ilikuwa karatasi ya daftari. Senge hakusoma sana, na herufi zake ni kubwa, zinapanda mlima. Ameandika kwa wino usiofutika:

HII SI MBOGA. SI KIFUA. NI TITI YA NEKESA BINTI WA NDUGU YANGU. MSIMWAGE MAJI.